Kunyumbulika si kulegea: rasimu ya E20 na kazi halisi ya mtakwimu

Juni 2025, ICH, chombo kinachowakutanisha wadhibiti wa dawa na watengenezaji wake ili masharti yao yafanane duniani, kilitoa rasimu ya mwongozo wa E20 kuhusu majaribio ya kitabibu yanayojirekebisha. Tangu hapo wengi wameisoma rasimu hiyo kama habari njema ya aina moja tu: mlango umefunguliwa, majaribio yatakuwa mafupi, wagonjwa watakaohitajika watapungua, na mambo yakienda kombo njiani mpango utabadilishwa. Usomaji huo umekosea, na kosa lenyewe litawagharimu wagonjwa pamoja na wanaogharimia utafiti. E20 haipunguzi mzigo wa uthibitisho. Inauhamishia mwanzoni, miezi mingi kabla ya mgonjwa wa kwanza kusaini fomu ya ridhaa, na kuuweka mabegani mwa mtu ambaye mara nyingi huitwa mwishoni: mtakwimu wa mbinu, yaani anayebuni muundo wa jaribio na njia za kulichambua.

Katika ufafanuzi wa rasimu, neno linalobeba uzito wote ni "yaliyopangwa". Jaribio linalojirekebisha ni lile linaloruhusu mabadiliko yaliyopangwa mapema, kwa kutegemea uchambuzi wa katikati wa data zinazoendelea kukusanywa. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa kusimamisha jaribio mapema, kuongeza sampuli, kubaki na kundi moja la wagonjwa, kuacha dozi fulani, au kubadili uwiano wa kuwagawa washiriki. Badiliko linalobuniwa baada ya mtu kuchungulia matokeo halimo humo. Na hata lile lililopangwa halipiti kwa kuandikwa tu kwenye itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio: mwombaji anatakiwa aonyeshe kwa nini muundo huo unahitajika, uwezekano wa hitimisho potofu umebanwa kwa kiasi gani, makadirio ya mwisho yanaaminika vipi, na nani hasa atayaona matokeo ya katikati.

Masharti haya hayakuzuka juzi. Ukipima dawa isiyofanya kazi kwa kigezo cha asilimia 5, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100, halafu ukachungulia data mara tano kwa kigezo kilekile, uwezekano wa kutangaza ushindi wa uongo unapanda hadi takribani asilimia 14. Ukichungulia mara kumi, unafika asilimia 19. Pocock alipendekeza mwaka 1977 kwamba kila uchambuzi utumie kigezo kikali zaidi kisichobadilika. Kwa chunguzi tano ni karibu 0.016 badala ya 0.05. O'Brien na Fleming wakaja mwaka 1979 na ukali unaoanza juu sana na kushuka taratibu, hata uchambuzi wa mwisho ukabaki karibu na 0.04. Mwaka 1983 Lan na DeMets walionyesha namna ya kuitumia bajeti ya kosa, yaani jumla ya uwezekano wa ushindi wa uongo unaoruhusiwa, kidogokidogo kulingana na kiasi cha taarifa kilichokwisha kupatikana, bila kufunga kabisa tarehe za uchambuzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachosifiwa leo kama mapinduzi ina umri wa zaidi ya miaka arobaini. Kipya ni kwamba wadhibiti wa kanda nyingi wanakubaliana juu ya maswali ya kuuliza.

Swali la kwanza kabisa ni lile lililowekwa na nyongeza ya E9, mwongozo wa ICH wa mwaka 1998 kuhusu takwimu za majaribio ya kitabibu, iliyopitishwa Novemba 2019: jaribio linakadiria nini hasa? Nyongeza hiyo ilileta dhana ya estimandi, yaani maelezo kamili ya athari inayotafutwa, yenye sehemu tano: tiba zinazolinganishwa, wagonjwa wanaohusika, kipimo cha matokeo, namna ya kushughulikia matukio yanayoingia kati, na takwimu ya kujumlisha. Chukua jaribio la kisukari ambamo mgonjwa anayepanda sukari kupita kiasi hupewa dawa ya dharura. Je, unataka kujua hali yake mwishoni bila kujali alipewa dawa hiyo au la? Au hali ambayo angekuwa nayo kama dawa hiyo isingekuwepo? Au kupewa dawa ya dharura kuhesabiwe kuwa tiba imeshindwa? Hayo ni maswali matatu yenye majibu matatu tofauti, na kila moja linataka data zake. La kwanza linadai vipimo viendelee kuchukuliwa hata baada ya mgonjwa kuacha dawa ya utafiti. La pili linavitupa vipimo hivyo na kuegemea dhana zisizoweza kuthibitishwa. Katika jaribio la kawaida, timu ikilikwepa swali hili bado ina miaka miwili ya kujisahihisha kabla ya uchambuzi. Katika jaribio linalojirekebisha, kamati inayosoma matokeo ya katikati itaamua hatima ya dawa kwa kutumia jibu la swali ambalo hakuna aliyekaa kulichagua.

Wanaoshangilia wana hoja nzito, na si haki kuzipita. Tazama jaribio la PALM la tiba za Ebola nchini Kongo, lililoanza Novemba 2018. Tiba nne zililinganishwa, na Agosti 2019 kamati huru ikashauri lisimamishwe. Waliopewa ZMapp, kundi linganishi, walifariki asilimia 49.7 ndani ya siku 28. Waliopewa MAb114 walifariki asilimia 35.1. Kuendelea kuwagawa wagonjwa kwa tiba dhaifu baada ya hapo kungekuwa dhuluma. Lakini chunguza kinachofuata. Tiba ya nne, REGN-EB3, iliongezwa baada ya jaribio kuanza. Wachambuzi hawakuwalinganisha wagonjwa wake na wote 169 wa ZMapp, bali na wale 154 tu walioandikishwa baada ya tiba hiyo kuingia, ambao vifo vyao vilikuwa asilimia 51.3 dhidi ya asilimia 33.5. Tofauti kati ya 49.7 na 51.3 ni ndogo safari hii. Ingeweza kuwa kubwa, kwa sababu mlipuko hubadilika: wagonjwa hufika hospitalini mapema au kwa kuchelewa zaidi, wauguzi huzoea kazi, vituo vipya hufunguliwa. Kundi linganishi la jana halilingani na mgonjwa wa leo. Uamuzi huo mmoja wa kitakwimu ndio unaofanya asilimia 33.5 iwe na maana, na ni wa aina inayopaswa kuamuliwa kabla data hazijaanza kuvuta kamba upande wake.

Sasa tuchukue hesabu ya kawaida kabisa, kwa kuwa hapo ndipo ahadi ya kuokoa wagonjwa huyeyuka. Tuseme dawa mpya inatarajiwa kuboresha alama za ugonjwa kwa pointi 4 kuliko plasebo (dawa bandia), mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi wagonjwa wanavyotofautiana, ukiwa pointi 10. Kwa nguvu ya kitakwimu (nafasi ya kuigundua athari hiyo ikiwa ipo) ya asilimia 90 na kosa la asilimia 5 la pande mbili, unahitaji wagonjwa 132 kila upande, jumla 264. Mtu anapendekeza uchambuzi mmoja wa katikati, nusu ya wagonjwa wakishamaliza, wa kusimamisha mapema kwa mafanikio. Inasikika vizuri: pengine utaokoa wagonjwa 132. Lakini kipimo kinachukuliwa wiki ya 24, na vituo vinaandikisha wagonjwa 20 kwa mwezi. Siku mgonjwa wa 132 anapomaliza wiki yake ya 24, wengine wapatao 110 wako tayari ndani ya jaribio. Ongeza wiki sita za kusafisha data, kutengeneza majedwali na kuikutanisha kamati, na uandikishaji umekamilika kabla uamuzi haujatoka. Hujaokoa mgonjwa hata mmoja. Ulichopata ni gharama za uchambuzi wa ziada na hatari ya siri kuvuja. Mtakwimu wa mbinu huona jambo hili kwa mstari mmoja wa hesabu, akiulizwa kabla itifaki haijafungwa: linganisha muda wa kusubiri kipimo na muda wa kuandikisha. Kipimo kikichelewa kuliko uandikishaji, jaribio linajirekebisha kwa jina tu.

Hata pale muda unaporuhusu, kusimama mapema kuna bei yake. Kwa mfano huohuo, kwa bajeti ya kosa ya mtindo wa O'Brien na Fleming, mpaka wa kuvuka nusu ya taarifa ikiwa mkononi ni z (tofauti iliyoonekana ikigawanywa kwa kosa lake sanifu, yaani kiasi ambacho bahati huiyumbisha) ya 2.963. Kwa wagonjwa 66 kila upande, kosa sanifu la tofauti ni pointi 1.74, hivyo ili kuvuka mpaka ni lazima tofauti iliyoonekana ifike angalau pointi 5.16. Ukweli wenyewe tumesema ni 4. Maana yake, takribani jaribio moja kati ya manne litasimama hapo, na kila litakalosimama litaripoti athari iliyozidi ukweli kwa asilimia 29 au zaidi. Hakuna aliyedanganya, mpaka wenyewe huchuja na kuruhusu zilizotiwa chumvi peke yake zipite. Ndiyo sababu E20 inazungumzia kuaminika kwa makadirio kama jambo linalojitegemea, mbali na udhibiti wa kosa. Anayeandika maelezo ya dawa kwa madaktari, anayepanga bei, na anayeunda jaribio lijalo kwa kutegemea namba hiyo, wote watapotea pamoja ikiwa ripoti itatoa 5.16 bila makadirio yaliyorekebishwa kando yake. Na kuna hasara isiyoonekana kwenye z: jaribio likisimama nusu, data za usalama nazo ni nusu. Dhara linalompata mgonjwa mmoja kati ya 100 lina nafasi ya karibu theluthi mbili kuonekana angalau mara moja miongoni mwa wagonjwa 100 waliopewa dawa. Kwa 66 nafasi hiyo inashuka chini ya nusu.

Kuongeza sampuli njiani kuna sura mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni salama na haitumiki vya kutosha. Ikiwa mkengeuko sanifu ni 12 badala ya 10, wagonjwa 132 kila upande wanakupa nguvu ya asilimia 77 badala ya 90, na ili kuirudisha unahitaji 190. Mkengeuko huo unaweza kukadiriwa kwa data zilizochanganywa, bila mtu yeyote kujua nani alipata nini, na kosa la chanya ya uongo halisogei kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ya pili inatumia athari iliyoonekana kati ya makundi, na hapo mambo yanakuwa magumu. Ukiwaongeza wagonjwa kwa sababu matokeo yanaelekea kuzuri lakini hayajafika, kisha ukachambua kama kawaida, kosa linaweza kuvimba. Njia ya Cui, Hung na Wang ya mwaka 1999 inalizuia kwa kushikilia uzito wa awali wa kila hatua. Kwa hiyo mgonjwa wa hatua ya pili, iliyopanuliwa, anahesabiwa kwa uzito mdogo kuliko wa hatua ya kwanza, jambo ambalo timu ya kitabibu hushtuka kuligundua siku ya kusoma matokeo. Pia kuna uvujaji wa kimyakimya. Kama kanuni ya kuongeza sampuli ni ya mteremko laini na imeandikwa kwenye itifaki ambayo kila kituo kinayo, mtu yeyote anayesikia kwamba 264 imekuwa 348 anaweza kuikokotoa kinyumenyume na kujua athari ya katikati. Dawa yake ni kanuni ya ngazi, mathalani kubaki 264 au kupanda hadi 400 basi, na hesabu kamili kuwekwa kwenye waraka wa siri ambao wenye ruhusa ya kuufungua wanahesabika kwa vidole.

Upande wa kusimamisha kwa kukosa matumaini ndio unaodharauliwa zaidi, kwa sababu hauongezi chanya ya uongo. Yaliyoyapata majaribio ya aducanumab yanatosha kuonyesha kwamba dharau hiyo ni hatari. Majaribio mawili pacha ya dawa hiyo ya Alzheimer, EMERGE na ENGAGE, yalisimamishwa Machi 2019 baada ya uchambuzi uliotumia data za hadi mwisho wa Desemba 2018. Hesabu ya nafasi ya kufanikiwa ilikadiria yatakayotokea baadaye kwa kuunganisha majaribio yote mawili, yaani ilichukulia kwamba athari ni moja kwa pande zote. Haikuwa hivyo. Dozi kubwa ilikuwa imeongezwa kwa baadhi ya wagonjwa kwa marekebisho ya itifaki jaribio likiendelea, na EMERGE, iliyoanza nyuma kidogo, ilikuwa na wengi zaidi walioipata dozi hiyo kikamilifu. Data zilizoingia baadaye zilionyesha EMERGE ikipunguza kuporomoka kwa asilimia 22 kwa dozi kubwa, na ENGAGE ikiwa haina athari. Kilichofuata kinajulikana: Oktoba 2019 kampuni ikageuza msimamo, Novemba 2020 kamati ya washauri wa Marekani ikapiga kura ya kutoridhika, Juni 2021 kibali cha haraka kikatolewa kwa msingi wa kupungua kwa protini ya amiloidi kwenye ubongo, na Januari 2024 kampuni ikatangaza kuiacha dawa. Hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama dawa hiyo iliwasaidia wagonjwa, kwa kuwa majaribio yaliyokuwa na uwezo wa kujibu yalikatwa njiani na kuchambuliwa baada ya siri kufunguliwa. Kosa halikuwa la kukokotoa. Programu ilifanya ilichoagizwa. Lilikuwa kwenye dhana moja ndani ya kanuni ya kusimamisha. Mtakwimu mwenye jicho la mbinu angeuliza: tukiunganisha, na mojawapo ikitofautiana, tutaamua nini? Jibu lingeweza kuwa kutaka kila jaribio lipimwe pia kwa data zake lenyewe.

Kubadili uwiano wa ugawaji ili wengi wapate tiba inayoelekea kushinda kunavutia kwa moyo, na ndiko kunakohitaji tahadhari kubwa kuliko kote. Mwaka 1985 kilichapishwa kisa cha jaribio la ECMO, mashine inayoitia damu oksijeni nje ya mwili, kwa watoto wachanga wenye kushindwa kupumua. Ugawaji ulipangwa umpendelee mshindi. Mtoto mmoja tu akaangukia tiba ya kawaida, akafariki. Kumi na mmoja wakapata ECMO, wakapona wote. Ushahidi wote wa upande mmoja ukategemea mtoto mmoja, na ubishi haukuisha. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1996 likalazimika kuwagawa watoto 185 kwa uwiano sawa: vifo 30 kati ya 93 kwa ECMO, 54 kati ya 92 kwa tiba ya kawaida. Muundo uliokusudiwa kuwaepusha watoto na tiba dhaifu uliishia kuacha swali ambalo lilihitaji watoto wengi zaidi kuingia kwenye kundi hilohilo miaka kumi baadaye.

Nifike kwenye hoja dhaifu kuliko zote, inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba programu za kisasa, na sasa akili mnemba, zinaweza kuunda majaribio haya zenyewe, hivyo mtaalamu wa mbinu ni anasa. Hoja hii inachanganya kukokotoa na kuamua. Miundo mingi inayojirekebisha haina fomula ya kosa lake. Sifa zake hujulikana kwa uigaji wa kompyuta pekee. Anayeiga jaribio mara 1,000 chini ya dhana kwamba dawa haifanyi kazi, na kupata kosa la 0.025, ana uhakika tu kwamba kosa halisi liko kati ya takribani 0.015 na 0.035. Kwa mara 10,000 ni kati ya 0.022 na 0.028, bado haitoshi kumshawishi mdhibiti. Kwa mara 100,000 unafika karibu na alama moja ya elfu kila upande. Sasa zidisha: athari tano (ya sifuri ikiwemo), viwango vinne vya wagonjwa kuacha, kasi tatu za uandikishaji, na mabadiliko ya wakati yakiwepo au yasiwepo. Hayo ni mazingira 120. Yale 24 ya athari sifuri kwa mara 100,000 na 96 yaliyobaki kwa mara 10,000 yanakupa majaribio ya kuigwa 3,360,000. Kila moja likichukua sekunde moja kuchambuliwa, kichakataji kimoja kitahitaji siku 39. Kompyuta nyingi zitaipunguza kazi hiyo kuwa ya usiku mmoja, na hapo programu inastahili sifa zote.

Lakini nani alichagua mazingira hayo 120? Programu itaiga unachoiambia kwa usahihi wa kupendeza, na itanyamaza juu ya usichoiambia. Haitakukumbusha kwamba wagonjwa wa dawa yenye kichefuchefu huacha mapema kuliko wa plasebo, na kwamba wanaoacha si sawa na wanaobaki. Haijui kwamba kipimo cha maabara kinaweza kumfunulia daktari nani yuko upande gani hata kama vidonge vinafanana. Haitauliza kama vituo vinavyofunguliwa mwishoni vinatibu wagonjwa wa hali nyingine. Ukweli ni kwamba matokeo mabaya zaidi hutoka pale uigaji unapofanywa kikamilifu juu ya mazingira yanayobembeleza muundo, kisha ripoti ya kurasa 200 ikawatisha wasomaji wasithubutu kuuliza.

Dada yake ni hoja kwamba mbinu za Bayes, zinazounganisha taarifa za awali na data mpya, hazina habari ya kosa la aina ya kwanza, yaani ushindi wa uongo, hivyo mtu anaweza kuchungulia atakavyo. Jaribio la chanjo ya Pfizer na BioNTech la mwaka 2020 lilitumia Bayes kwa kipimo kikuu, na mafanikio katika uchambuzi wa mwisho yalihitaji uwezekano wa zaidi ya asilimia 98.6 kwamba ufanisi unazidi asilimia 30. Namba hiyo 98.6 haikudondoka kutoka mbinguni. Ilichaguliwa ili kosa la jumla katika chunguzi zote zilizopangwa lisivuke asilimia 2.5. Matokeo yalikuwa wagonjwa 8 dhidi ya 162, ufanisi wa asilimia 95, na kwa tofauti ya kiasi hicho mbinu yoyote ingetoa jibu lilelile. Bayes ina faida yake kubwa kwingine: pale wagonjwa ni wachache, kama watoto au magonjwa adimu, na kuna taarifa za awali zinazostahili kuazimwa. Hapo kazi ni kupima kuazima: taarifa hizo zina uzito wa wagonjwa wangapi, na zikigongana na data mpya uzito huo utashuka kwa kasi gani? Kuazima wagonjwa 80 wa zamani ili kuongezea 40 wapya ni kuacha wa zamani waamue, na mtu ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi.

Upande wa pili wapo wanaosema turudi kwenye miundo isiyobadilika na kuachana na hayo yote. Wana haki katika jambo moja: jaribio rahisi lenye swali lililo wazi hushinda jaribio tata lenye swali lililofichika, na kwa dawa nyingi ndilo linalofaa. RECOVERY, jaribio la tiba za COVID-19 nchini Uingereza, liliwalinganisha wagonjwa 2,104 waliopewa deksamethasoni na 4,321 wa huduma ya kawaida kwa ugawaji rahisi na kipimo kimoja, vifo ndani ya siku 28, na kupata kwamba kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Ila hilo nalo lilikuwa jukwaa lililoongeza na kuondoa tiba likiendelea. Unyenyekevu wake ulikuwa kwenye swali na kipimo, na kunyumbulika kwake kulikuwa mahali palipohitajika tu. Kukataa kila badiliko kungewabakisha wagonjwa wa Ebola kwenye ZMapp kwa miezi mingine.

Ikiwa usomaji huu ni sahihi, mambo kadhaa lazima yabadilike katika namna kazi inavyogawanywa. Kampuni inayotaka muundo unaojirekebisha itenge miezi mitatu hadi sita ya kuunda na kuiga kabla itifaki haijafungwa, na imlete mtakwimu wa mbinu siku swali la kitabibu linapojadiliwa kwa mara ya kwanza, si siku ya kujaza kifungu cha ukubwa wa sampuli. Watakwimu wa jaribio moja wawe makundi mawili yasiyoonana: wanaoandika mpango wa uchambuzi bila kuona siri, na wale walio nje wanaoitengenezea kamati huru majedwali. Mstari huo huvunjika kwenye mambo madogo: faili lenye orodha ya ugawaji likawekwa kwenye folda ya pamoja, jedwali la vidonge vilivyorudishwa likaonyesha upande, mkutano wa kamati uliopangwa kwa saa moja ukachukua nne na watu wakaanza kukisia. Kabla ya uchambuzi wa kweli, mnyororo mzima unapaswa kuendeshwa angalau mara moja kwa orodha bandia ya ugawaji, kuanzia kukata data hadi barua ya kamati, kwa sababu hitilafu za usafirishaji wa faili na za majina ya vigezo hujitokeza hapo, na kuzigundua wakati kamati imeshaketi ni kuchelewa.

Kwa wadhibiti na kamati za maadili mzigo ni mkubwa vilevile. Kupitisha muundo wa aina hii bila kuomba msimbo wa uigaji, mazingira yote yaliyojaribiwa pamoja na yale ambayo muundo ulifeli, na kanuni za kusimamisha zilizoandikwa kwa hesabu badala ya maneno ya jumla, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mamlaka yenye mtakwimu mmoja au wawili haitaweza kurudia uigaji wa siku 39, lakini inaweza kuomba mambo matatu ambayo hayahitaji kompyuta: muda wa kusubiri kipimo ukilinganishwa na kasi ya uandikishaji, tofauti ndogo kabisa itakayolisimamisha jaribio katikati, na orodha ya majina ya watakaoyaona matokeo hayo. Mwombaji asiyeweza kujibu matatu hayo kwenye ukurasa mmoja arudishiwe itifaki yake.